Fanta Nyekundu Mbele ya Sanamu

Simu ililia Pudentienne akipiga pasi magauni ya kwaya, na alipoona jina la Onyango kwenye kioo aliigeuza kifudifudi juu ya meza. Ikanyamaza. Ikalia tena. Wenzake waliokuwa wakikunja magauni katika chumba cha nyuma ya kanisa, pale Gahanga, Kigali, hawakushangaa. Wote walijua kwamba Pudentienne hasemi na Onyango. Alikwisha kutangaza mbele ya watu, bila kumung'unya maneno, kwamba huyo Mkenya ndiye aliyemshika mdogo wake mkono akampeleka kwa masanamu, na kwamba simu yake ataipokea siku atakayopiga kuomba radhi.

Aliyeipokea mwishowe ni Veronica, mmoja wa wenzake hao wa kwaya, kwa kuwa mlio ulikuwa ukimkera. Alisikiliza. Kisha, kabla ya kusema neno lolote, alinyoosha mkono akaizima pasi ukutani. Hapo ndipo Pudentienne alipojua, maana mtu hazimi pasi ya mwenzake bila sababu.

"Kaa kwanza, dada," Veronica alisema.

"Nimesimama."

"Ndiho ameanguka gereji. Wamemkimbiza hospitali, lakini amefika akiwa ameshakwenda."

Pudentienne hakupiga kelele. Aliuliza kama Onyango alikuwa naye. Alipoambiwa ndiyo, alikuwa naye, tena ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, alisema, "Bila shaka," kwa sauti ya mtu aliyeletewa ushahidi aliokuwa akiungoja. Halafu akaketi juu ya rundo la magauni yaliyokwisha kunyooshwa.

Huyo Ndiho jina lake kamili lilikuwa Ndihokubwayo, yaani nipo kwa sababu Yake. Baba yao alimpa jina hilo kule Karagwe, upande wa Tanzania, walikozaliwa ugenini, kwa kuwa mtoto alitoka tumboni mnyonge, halii, na mkunga akawa amekwisha kumfunika kitambaa usoni. Pudentienne, wakati huo msichana mdogo aliyejipenyeza chumbani, ndiye aliyeona kitambaa kinapanda na kushuka. Hadithi hiyo aliitumia maisha yake yote kama watu wanavyotumia hati ya shamba. Kila alipotaka kumshinda mdogo wake katika jambo, alimkumbusha, "Mimi ndiye niliyekiona kitambaa." Naye Ndiho alijibu, "Ndiyo, dada. Nilipumua ili unione."

Hakuwa mtu mkubwa. Waliporudi Rwanda wakiwa vijana, dada alishika cherehani, kaka akashika spana. Alianzia Gikondo, akiosha vyuma vya injini kwenye beseni la dizeli, mpaka weusi ukaingia kwenye kucha zake ukahamia humo, hata siku ya harusi. Baadaye akafungua kibanda chake cha spea za pikapu, na kibanda kikakua kikawa duka. Alipenda karanga za kukaanga. Mifuko yake yote ilikuwa na maganda. Alikuwa mzito wa kucheka: watu walisimulia kichekesho, wakacheka, wakahamia habari nyingine, ndipo yeye alipoanza. Jumapili kazi yake kanisani ilikuwa kuwaonyesha watu pa kuegesha magari. Aliwaita kwa mkono mmoja, polepole, kama mtu anayeita kuku jioni, nao waliegesha bila kugongana.

Mkewe, Kaliza, aliimba kwaya akisimama ubavuni mwa Pudentienne. Mawifi hao walipendana kwa namna ya kuibiana vitambaa vya kichwa. Kaliza aliugua figo, akafa, Gwiza, mtoto wao wa pekee, akiwa bado shule ya msingi.

Kigali mtu akifiwa, watu huja jioni. Moto huwashwa uani, viti hupangwa, na kila anayekuja huleta kuni au kreti ya fanta, na fanta ni soda yoyote ile, iwe ya rangi gani. Asiye na kreti huleta chupa chache kwenye mfuko. Anayekuja mikono mitupu ni yule asiyefundishwa kwao. Watu huketi, husema machache, hunywa, hunyamaza pamoja. Wakishazika, siku chache baadaye hufanywa siku ya kuondoa kilio: moto unazimwa, viti vinarudishwa vilikokodiwa, kila mtu anashika kazi yake.

Kilio cha Kaliza kiliondolewa kama desturi inavyotaka, lakini Ndiho alibaki uani. Kila jioni alitoa kiti chake na viti vingine vichache, akaweka kreti ya fanta karibu, akakaa. Aliyepita alikaribishwa. Mwanzoni majirani waliingia. Baadaye wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Kanisani yakaanza maneno, kwamba ndugu huyu sasa hamlilii marehemu bali anamwabudu. Mchungaji Gasana alikuja mwenyewe, akamwambia kwa upole kwamba machozi ya mtu aliyeokoka yana mpaka, na kwamba kulia bila kukoma ni kumshitaki Mungu. Pudentienne aliona neno hilo ni la haki. Alikwenda akakusanya viti, akarudisha kreti dukani.

"Kilio kimeondolewa, Ndiho," alimwambia. "Inatosha sasa. Mungu si kiziwi."

Ndiho aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Watu wakasifu kwamba amepona.

Wakati huo ndipo Onyango alipoingia katika habari hii. Alikuwa jirani yake wa duka pale Gikondo, mtu wa Kisumu, mcheshi, mwenye tumbo linalomtangulia mlangoni. Alizoea kwenda Bangkok kuchagua injini na gia za pikapu kuukuu, akazipakia kwenye kontena. Akamwambia Ndiho, twende wote, utachagua kwa macho yako. Pudentienne aliwaombea safari njema, akawawekea mikono hata huyo Mkenya. Baadaye alisema laiti angejua angeiweka mikono hiyo mfukoni.

Picha ilifika kabla ya wao kurudi. Ndiho aliituma kwa Gwiza, Gwiza akamtumia binamu, binamu akaiweka mtandaoni, na kabla ya Jumapili ilikuwa imezunguka katika simu za kanisa zima. Ndiho ameketi chini, pekupeku, miguu ameikunja upande. Nyuma yake sanamu ya dhahabu, macho nusu yamefumba, tabasamu la mtu anayejua siri ya nyumba yako. Mbele ya sanamu, fanta nyekundu zimepangwa mstari, zimefunguliwa, kila chupa na mrija wake.

Laiti angekuwa amesimama tu kama mtalii, Pudentienne angeweza kumtetea. Lakini fanta. Zimefunguliwa, tena na mirija, ili mungu asipate taabu ya kunywa. Wanawake walimjia mmoja mmoja mlangoni mwa kanisa, na sumu ilikuwa imefungwa kwenye sukari. "Dada Pudentienne, tunamwombea kaka yako. Kumbe huyo mungu wake mpya ana kiu." Mwingine aliuliza kama sanamu hupenda baridi au ya kawaida. Alirudi nyumbani kwa miguu, mbali ilivyo, ili asipande gari moja nao.

Ndiho aliporudi alikwenda kumsalimia dada yake, na mlangoni akainama akavua viatu. Hakuwahi kufanya hivyo maisha yake yote.

"Vaa," Pudentienne alisema. "Hapa si kwa masanamu."

"Nimezoea tu, dada. Kule watu huviacha nje, safu ndefu, na hakuna anayeiba."

"Mwizi gani atahangaika na viatu, na roho zenyewe zimeachwa wazi?"

Alimwuliza kama alisujudu. Ndiho akasema hakusujudu, alikaa. Alikaa mbele ya nini? Sakafuni, alisema, na kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, alianza kusimulia mambo asiyoulizwa: paka wanaolala kwenye ngazi, mtawa mzee mwenye michoro mkono mzima kama kuli wa bandarini, upepo wa feni zao. Alisema kuna hekalu lingine karibu na mto ambamo sanamu imelala ubavu, ndefu kama ghala. Pudentienne akamwambia kwamba mungu anayelala mchana hafai hata kuwa mlinzi wa duka.

"Ulikwenda kutafuta nini?" alimwuliza mwisho.

Ndiho alizungusha kofia yake mkononi. "Nilikwenda kukaa na Kaliza."

"Kaliza yuko makaburini Rusororo, na roho yake iko kwa Bwana. Bangkok hana ndugu. Vaa viatu vyako utoke."

Akavaa, akatoka. Kanisani walimwondoa kwenye kazi ya kuegesha magari, na Jumapili iliyofuata magari mawili yakakwaruzana. Hakuacha kwenda Bangkok, wala kila alikofika hakuacha kuingia kwenye mahekalu yao, na hakuficha. Pudentienne hakuacha kumpikia chakula cha Jumapili, kwa kuwa mdogo wako ni mdogo wako, lakini alimpakulia kama mtu anayelisha mfungwa: sahani inasukumwa, kijiko kinafuata, basi. Zawadi ya kitambaa cha hariri aliyomletea aliifanya tambara la kufutia mafuta ya cherehani. Miaka ikapita hivyo. Gwiza akafika chuo. Ndipo simu ya Onyango ikalia.

Matanga yaliwekwa nyumbani kwa marehemu, Gikondo, kwenye ua uleule. Mchungaji Gasana alifika siku ya kwanza. Alimshika Pudentienne mikono yote miwili, akaomba naye, kisha akamwita pembeni.

Nia yake haikuwa mbaya. Pudentienne mwenyewe alisema hivyo baadaye, hata alipokuwa amemkasirikia kabisa. Mchungaji alieleza kwamba kanisa lina wachanga, na wachanga hujifunza kwa macho. Kila mtu aliiona ile picha. Kanisa likimzika mtu aliyetoa sadaka kwa sanamu, likanyamaza, kesho watasema yote ni sawa. Alikuwa tayari kuongoza mazishi. Lakini kabla ya mwili kuondoka nyumbani, maisha ya marehemu yatakaposomwa, na msomaji ni yeye Pudentienne, asome kwamba ndugu yake alitubu sadaka ile.

"Hakutubu kwangu, mchungaji."

"Huwezi kujua alichosema moyoni pale alipoanguka."

"Siwezi. Na wewe je, unajua?"

Mchungaji alisema hamlazimishi mtu, ila bila neno hilo yeye na kwaya watabaki Gahanga, familia itafute namna yake.

Sasa Pudentienne akawa kati ya mawe mawili. Alikuwa mwanamke mkali, na ukali wake ulikuwa na fahari moja tu: kwamba hajawahi kusema uongo mbele ya Mungu, hata ule mdogo wa kupongeza mpishi. Lakini kumzika mtoto wa baba yake bila wimbo wala maombi, kama mzigo usio na mwenyewe, hilo nalo aliliona ni kifo cha pili. Alimchukia Ndiho kwa kumwachia fumbo hilo. Akamchukia zaidi aliyemwonyesha njia.

Naye huyo akaja jioni hiyohiyo. Onyango aliingia uani kreti moja begani na nyingine mkononi, akaziteremsha karibu na moto. Zote mbili zilikuwa fanta nyekundu.

"Umeleta na sanamu yenyewe," Pudentienne alimwuliza, "au iko kwenye gari?"

"Haikuenea kwenye buti, sista."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Pudentienne alimwambia achukue kreti zake aende nazo. Onyango hakubishana, ila hakuondoka. Alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa moto, jasho likimtiririka, akasema yeye amekuja kwenye kilio cha rafiki yake. Anayetaka kumfukuza mfiwa aite polisi.

"Wewe ndiye uliyemwua," Pudentienne alisema. "Alikwenda huko mzima wa roho akarudi ameoza."

"Nilimpeleka kununua gia, sista. Hapo kwingine alikwenda kwa miguu yake."

"Akampelekea sanamu fanta."

Onyango alimkazia macho kana kwamba hakumsikia vizuri. "Sanamu gani? Alipeleka kwenye kilio."

Onyango akasimulia, na aliposimulia ucheshi wake ulimwacha. Safari ile ya kwanza kontena lilichelewa kupakiwa, nao walikuwa wakikaa siku nzima kwenye yadi ya injini kuukuu, katika joto la kuyeyusha mtu. Nyuma ya yadi palikuwa na hekalu dogo, si lile la watalii, hekalu la mtaa, ambako vibarua walikwenda kunywa maji. Adhuhuri moja walipokwenda wakakuta viti vya plastiki vimepangwa, jeneza mbele, picha ya mama wa makamo juu ya meza, watu wamekaa, wanakunywa, hawasemi sana. Ndiho akasimama mlangoni. Akasema, "Onyango, hawa wako kwenye kilio, na sisi tumekuja mikono mitupu." Akageuka, akaenda dukani karibu kukimbia. Dukani fanta iliyokuwapo kwa wingi ilikuwa nyekundu. Akanunua kreti, akaibeba kichwani katikati ya mji wa watu, akaiweka miguuni pa wafiwa, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.

Wale wafiwa walimwinamia. Hawakumwuliza yeye ni nani. Binti mmoja akazifungua chupa kadhaa, akazipanga mbele ya picha na mbele ya sanamu, akatia mirija. Ndiho alishtuka kidogo. Kisha akamnong'oneza Onyango kwamba kila nyumba ina namna yake ya kupokea mzigo wa mgeni.

"Tulikaa mpaka jua likashuka," Onyango alisema. "Kesho yake nikamwambia twende tukaone mto. Akasema hapana, anarudi kule. Tukakuta bado wamekaa. Kesho kutwa, bado. Akamwuliza kijana wa yadi anayejua Kiingereza, hawa watamaliza lini? Akaambiwa wakishachoma mwili watarudi tena baada ya siku kadhaa, na tena, na tena, na kila mwaka. Ndugu yako akarudia hilo neno njia nzima. Kila mwaka. Hapo ndipo alipolia, sista. Sikuwa nimemwona akilia."

Kilio cha wenyeji kilipokwisha, Ndiho aliendelea kuja na fanta zake. Yule mtawa mzee mwenye michoro alimtandikia mkeka. Hawakuelewana hata neno moja. Na kila safari iliyofuata alifanya hivyo.

"Uongo," Pudentienne alisema, lakini kwa sauti ndogo. "Picha tuliiona."

Gwiza, aliyekuwa amekaa kizingitini siku nzima bila kula, ndiye aliyeinuka. Alitafuta katika simu yake ile picha ya kwanza kabisa, ile aliyotumiwa na baba yake, ambayo haijapita mikono ya watu ikachakaa. Akaivuta kwa vidole viwili, akaiweka mbele ya shangazi yake. Chupa ya katikati ilikuwa imeegemewa na kitu kidogo cheupe. Katika simu za kanisa kilikuwa doa tu. Hapa kilikuwa na uso. Ilikuwa picha ya kitambulisho ya Kaliza, kichwani amefunga kitambaa cha zambarau, na kitambaa kile kilikuwa cha Pudentienne.

"Ulijua?" alimwuliza mtoto.

"Nilijua ni mama. Nyie hamkuniuliza. Mlikuwa mnaomba."

Pudentienne alirudisha simu. Hakumwambia Onyango neno la shukrani wala la radhi, bali alimwambia kwamba hata hivyo, hata kama ni kilio, mahali pale si mahali pa mtu aliyebatizwa, na kwamba Kaliza asingependa kuegemezwa kwenye chupa mbele ya masanamu. Onyango akasema Kaliza alikuwa mtu wa kupenda fanta. Pudentienne akafungua mdomo kumjibu, na badala ya jibu kikatoka kilio, kile alichokuwa amekizuia tangu chumba cha pasi. Alilia kama ng'ombe, mikono kichwani, mbele ya watu wote, wala hakukoma.

Veronica alimwendea akamshika bega. Akamwinamia sikioni, na alimaanisha wema. "Inatosha sasa, dada. Ushuhuda wako unaharibika."

Pudentienne alinyamaza ghafla. Akainua uso, akamtazama mwenzake wa kwaya, kisha akatazama viti, na moto, na kreti za fanta mahali palepale alipozikuta siku ile alipokuja kuzirudisha dukani.

"Ondoa mkono wako," alisema. "Nikimaliza nitakwambia."

Akaendelea kulia. Hakuna aliyemgusa tena.

Siku ya mazishi, wanawake walipotaka kujua marehemu avishwe nini, aliamuru suti ya harusi na viatu vyeusi. Mtu akasema siku hizi wengi huzikwa na soksi tu. Pudentienne alisema mdogo wake amekaa pekupeku vya kutosha, akafunga kamba za viatu mwenyewe, mafundo mawili.

Jeneza lilitoka hospitali likawekwa uani chini ya turubai. Mchungaji Gasana alikuwapo, na kwaya ikiwa na magauni yale. Alikuja kwa kuamini kwamba neno litasomwa, kwa kuwa Pudentienne hakuwa amemrudishia jibu, na asiyekataa huhesabiwa amekubali. Pudentienne akasimama. Alisema mahali walipozaliwa, kitambaa usoni, Gikondo na beseni la dizeli, Kaliza, Gwiza, magari ya Jumapili. Alisema habari za karanga, watu wakatabasamu. Kisha akamgeukia mchungaji, asitazame kwingine.

"Mdogo wangu alikwenda kwenye mahekalu ya Wabuddha. Sikupenda. Mpaka leo sipendi, na masanamu yao siyapendi. Nimeombwa niseme alitubu. Sikumsikia akitubu, na marehemu simsemei. Ila mmesema alitoa sadaka kwa sanamu, na huo ni uongo, nami niliusema pamoja nanyi. Alipeleka fanta kwenye kilio cha watu asiowajua, kama mama yetu alivyotufundisha. Halafu akakaa palepale akamlilia mkewe, kwa kuwa hapa uani tulimwambia inatosha. Yaliyobaki ni yake na Mungu aliye katika jina lake."

Akakunja karatasi, akaketi karibu na Gwiza. Kwaya haikujua kama iimbe. Mchungaji Gasana alikuwa ameketi, Biblia magotini, shingo imesimama. Mwishowe aliinuka, akaomba kwa maneno machache mno, maombi ya mtu anayelipa ili aende zake, akamwachia mzee wa kanisa aendelee. Hakupanda gari la kwenda makaburini. Veronica alibaki, akaanzisha wimbo, na nusu ya kwaya ikamfuata.

Watu walipita kuaga mmoja mmoja. Onyango alipofika alivua viatu vyake, akavishika mkononi. Pudentienne alimwona, akakunja uso, asimkataze. Yeye alipita wa mwisho. Walikuwa wamemfunika Ndiho kitambaa cheupe usoni. Alisimama akakitazama. Waliokuwa wakingoja kufunga jeneza walidhani anaomba, wakainamisha vichwa, lakini yeye alikuwa akitazama tu kile kitambaa, bila kupepesa. Hakikupanda wala hakikushuka. Ndipo akasema, "Fungeni."

Kule Rusororo walimteremsha karibu na saa ya mvua. Mzee wa kanisa aliomba. Mafundi walipanga vyuma juu ya kaburi, wakamimina zege, wakalisawazisha kwa ubao huku watu wakiimba. Mashada yaliwekwa kwa zamu: familia, majirani, watu wa chuo cha Gwiza, gereji za Gikondo mwishoni. Pudentienne na Gwiza waliweka lao pamoja. Matone yakaanza, watu wakaelekea kwenye magari. Nyumbani walinawa mikono kwenye ndoo mlangoni, wakaketi uani, na Onyango akagawa fanta. Pudentienne alipokea yake, akainywa mpaka mwisho.